Pistoni Uliyoniachia

Ramadhani, ndugu yangu,

Usicheke kwanza. Najua umeshaanza, maana tangu tujuane sijawahi kukuandikia hata kikaratasi cha kukuomba spana. Tulikuwa tunapigiana kelele tu, wewe chini ya gari, mimi juu yake, na kazi inakwenda. Sasa kelele hazifiki. Nimechukua daftari, nimekaa mlangoni pa karakana saa nne hii ya asubuhi, na kuna jambo nataka ulisikie kwangu mimi mwenyewe. Nilikudanganya. Ulikuwa umelala pale kitandani, nikakuitikia ndiyo, halafu nikaenda nikafanya kingine.

Lakini salamu kwanza, nisije nikaonekana sina adabu. Nyumbani ni wazima. Mkeo, Mama Salma, amevuna alizeti yake, si haba, na ameanza tena kucheka, ingawa si kwa vichekesho vyangu. Hata ulipokuwepo hakuwa anavicheka. Hapa Mkiwa malori ya kwenda Itigi yameongezeka, vumbi limeongezeka, na kitambi changu nacho hakikubaki nyuma. Siku hizi nikiingia chini ya gari dogo, wateja wananishika miguu mapema, tayari kunivuta. Kibao chetu bado kina majina mawili. Mchoraji alipokuja kukipaka rangi upya aliniuliza kwa adabu kama la kwako alifute. Nilimwangalia tu. Akapaka yote mawili, na la kwako akalipendezesha kuliko la kwangu, mshenzi yule.

Sasa lile dude lako. Lile pikipiki la matairi manne ulilolikokota kutoka kambi ya wawindaji huko mbele ya Itigi, halina taa, halina kiti, injini imekufa, nikakuambia litafaa kulalia kuku. Ukalishikilia miaka miwili. Ukanyoosha chesisi, ukabadilisha shokapu, ukayatanua matairi ya nyuma lisije likapinduka kwenye kona. Kila aliyepita aliuliza ni la kazi gani, na wewe ulijibu ni la binti yako Salma, la mashindano. Watu wakadhani unatania, kwa sababu hukuwahi kujibu swali lolote bila kutania. Ilikuwa imebaki injini. Na injini ndiyo uliyoniachia mimi.

Ile wiki ya mwisho hospitalini Salma alikuwa ameshika kikombe cha uji, mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa kinanifinya kila nikipumua. Ulikuwa huongei sana tena. Ukafungua macho, ukasema, "Elisha, ile pistoni ya kwenye boksi. Mfungie Salma. Asije akashika mkia."

Nikasema ndiyo.

"Sema tena."

Nikasema tena. Salma alizisikia zote mbili.

Ile pistoni naijua. Uliiagiza kwa mtu wa Dar es Salaam, ukaikumbatia siku ilipofika. Nene kuliko ya asili, na kichwa chake kimeinuka katikati kama kipara chako, ili hewa na petroli vibanwe sana kabla ya kuwaka. Ukibana zaidi unapata nguvu zaidi, na joto nalo linapanda. Hayo hukunificha. Ulinieleza mara ishirini huku unaizungusha mkononi kama embe unalotaka kulinunua.

Siku ya arobaini, wazee wa kwenu Manyoni walipogawa vitu vyako, kanzu zilikwenda kwa wadogo zako, dude likakabidhiwa kwa Salma mbele ya watu wote, na mimi nikapewa sanduku lako la spana. Nilipiga goti kulipokea, na kuinuka ikabidi nisaidiwe. Boksi la pistoni lilikuwa humo chini, limeviringishwa kwenye kitambaa. Kwa hiyo wazee, bila kujua, walimpa binti ng'ombe na mimi wakanipa kamba yake.

Salma wa sasa humjui vizuri. Ni afisa mifugo kule Mungaa. Kutwa nzima yuko juu ya pikipiki anakwenda kuchanja ng'ombe wa watu, na kwenye mchanga anapita pale ambapo mimi ningeshuka nikokote. Miezi mitatu baada ya arobaini alikuja hapa, akaniamkia shikamoo, akakaa, akaniambia amejiandikisha kwenye mashindano. Yangefanyika bondeni, ukishuka mlima wa Saranda. Zilikuwa zimebaki wiki sita. Akauliza, "Baba mdogo, injini itakuwa tayari?" Hakuuliza injini ya namna gani.

Siku mbili baadaye akaja mama yake. Alisimama pale nje juani, akakataa kiti, akakataa maji. Akasema, "Shemeji, ukimfungia huyo mtoto injini ya kumuua, msibani kwangu usije." Akaondoka. Mimi na kitambi changu tukabaki tumesimama.

Basi nikafanya kama fundi yeyote mwoga, nikaanza na yale yasiyo na ugomvi. Nikaifufua injini kwa pistoni yake ya zamani, nikafunga ile ekzosi pana uliyoichomelea mwenyewe. Na kwa kuwa injini ikitoa pumzi nyingi lazima ivute nyingi, nikaiwekea filta kubwa ya sponji. Sponji lile hupakwa mafuta yake maalumu, mazito, yanayonata, ili vumbi ling'ang'anie nje. Nikayatafuta Singida mjini duka kwa duka, hayapo. Nikajiambia mafuta ni mafuta. Na sisi huku tumejaliwa mafuta gani? Ramadhani, nilichukua mafuta ya alizeti. Ya kupikia. Tena ya Mama Salma, kwenye lile dumu alilonigawia baada ya kukamua. Nikaliloweka sponji, nikaliminya, likang'aa, nikajisifu peke yangu kwa muda mrefu.

Wiki ya kwanza dude lilikwenda kama limepandwa na mashetani. Wiki ya pili likaanza kukohoa. Salma akaifungua filta. Joto la injini lilikuwa limeikausha ile alizeti, sponji limekuwa gumu kama andazi la juzi, na katikati limepasuka ufa wa kupitisha kidole. Akalinusa. Akaniangalia. "Baba mdogo, ulikuwa unalikaanga?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka nusu. Nusu nyingine yangu ilikuwa inauangalia ule ufa, na vumbi jekundu lililokuwa limepita hapo kwenda ndani.

Tulipoifungua silinda, kicheko kikaisha. Mikwaruzo kutoka juu mpaka chini, ukipitisha ukucha unakwama. Silinda ile haikuwa ya kufungwa tena bila kuchongwa upya, na ukichonga lazima uchague pistoni. Yaani mimi niliyekuwa nasogeza uamuzi mbele siku hadi siku, mimi mwenyewe niliuleta mlangoni kwa mafuta ya kukaangia samaki.

Nikaipeleka bloku, lile chuma lenye silinda, mjini kwa yule mzee wa mashine, yule asiye na haraka, ambaye hamkuelewana maisha yenu yote kwa sababu hiyohiyo. Akaifunga kwenye mashine, akaiweka sawa, akaniuliza nataka saizi gani. Ukichonga kidogo, unaiondoa mikwaruzo na kuweka pistoni ya kawaida iliyozidi kidogo tu. Kesho ukitaka kuongeza, chuma bado kipo. Ukichonga kwa ajili ya pistoni yako, umemaliza, maana hakuna mashine ya kurudisha chuma kilichokwisha kutoka. Mkono wa kushoto nilikuwa nimeshika boksi lako. Wa kulia nilishika pistoni ya kawaida niliyoinunua asubuhi ileile, nikijidai ni ya akiba.

Unajua nilichokuwa nakiona pale? Barabara ya Itigi. Nilikuona umepanda ile pikipiki yako nyekundu, uliyokuwa umeikwangua kichwa cha silinda ili ibane zaidi, na tumboni mwake petroli ya chupa uliyonunua njiani, ambayo hata rangi yake ilikuwa haieleweki. Mimi nilikuwa nyuma yako. Niliisikia ikianza kugonga, kama mtu anayetikisa kopo la misumari. Nilikupigia honi. Sijui hukusikia au ulisikia ukavuta mafuta zaidi, na kwa jinsi ninavyokujua, nina jibu langu. Pistoni ikatoboka, injini ikashika, ikagoma kuzunguka, tairi la nyuma likakwama lenyewe, na nikakuona uko hewani. Mama Salma ulimwambia mbuzi alikatiza. Nikaapa ni kweli. Hata rangi ya mbuzi nilimtajia. Ukachechemea mpaka siku zako za mwisho, na kila aliyekuuliza ulimwambia mguu mmoja umekua kuliko mwenzake.

Sasa binti yako ashuke Saranda, kwenye joto lile la bondeni, kwenye mchanga unaoilazimisha injini ivute kwa nguvu zake zote. Akipungukiwa njiani, petroli atakayowekewa ni hiyohiyo ya chupa. Na pistoni yako ikibanwa hivyo inataka petroli safi, la sivyo itagonga. Na ikigonga, mimi sitakuwa nyuma kupiga honi.

Mzee wa mashine akauliza mara ya pili. Nikasema kidogo.

Sitaki kukudanganya tena, kwa hiyo nisikilize vizuri hapa. Hizo sababu za kifundi zilikuwepo na zote ni za kweli. Lakini hata kama bonde zima lingekuwa na petroli safi kama maji ya mvua, nadhani ningesema kidogo vilevile. Injini nilikuwa nimeshaisahau. Nilikuwa naogopa kwenda kusimama mbele ya Mama Salma na kumsimulia mbuzi mwingine.

Ningeishia hapo ningekuwa mwoga tu, na uoga wangu umeuzoea. Lakini Salma alipokuja kuuliza kama ya Baba imeingia, nikamwambia imeingia. Nikaongeza kwamba imekaa vizuri sana. Boksi lako nilikuwa nimelificha nyuma ya magunia ya vyuma chakavu, na yeye alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo.

Mengine yote niliyafanya kama malaika. Dhambi ikimkaa mtu shingoni anakuwa fundi mzuri ajabu. Nikaifungia rejeta ndogo ya kupoza oili. Nikabadilisha springi za klachi, isije ikateleza kwenye mchanga. Nyuma nikaweka sproketi, gurudumu la mnyororo, yenye meno mengi kidogo, ipoteze mwendo kwenye tambarare lakini ipande bila kulalamika. Kabureta nikaiongezea jeti, kile kitundu cha kupitisha petroli, kwa kuwa huko chini hewa ni nzito kuliko huku kwetu juu, na injini iliyotegeshwa Mkiwa ikishuka bondeni inakula njaa na kuungua. Filta nikaiwekea kiboksi chake, na mafuta yake halisi yaliletwa na kondakta wa basi kutoka Dodoma. Salma aliyanusa kwanza kabla hajaniruhusu niyapake.

Siku ya mashindano tulishuka na pikapu mapema, dude nyuma limefungwa kamba. Walikuwa tisa wa matairi manne. Vijana wa mjini wana helmeti zinazong'aa na majina yao mgongoni. Salma alivaa viatu vyake vya kuchanjia ng'ombe. Kabla ya kupanda akakaa chini, akaweka kiganja juu ya silinda, kama anavyompapasa ndama, akaniambia bila kuniangalia, "Leo Baba yumo humu."

Mdomo ulinifunguka, Ramadhani. Nakuapia ulifunguka. Mtu wa bendera akaita majina, Salma akavaa helmeti, nikaufunga.

Kuzunguka ule mzunguko mara tatu kulichukua muda ambao sitaki kuurudia. Wanapotea nyuma ya vichaka, unabaki na sauti tu, na sauti zinachanganyikana, na mimi nimekaza masikio natafuta misumari kwenye kopo. Mzunguko wa kwanza alikuwa wa saba. Wa pili nikasikia mlio mkavu huko mbali, pu, halafu injini moja ikanyamaza. Watu wakanyanyuka. Mimi sikunyanyuka. Akatokea mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne, na kila mmoja si yeye. Nilianza kutunga maneno ya kumwambia Mama Salma na nikagundua sina hata moja.

Wa tano alikuwa yeye. Aliyenyamaza alikuwa mmoja wa wale wenye majina mgongoni, injini yake imechemka ikashika mchangani, mwenyewe mzima, amekaa chini anaitukana. Kwenye mzunguko wa tatu Salma akampita mwingine pale mchanga unapokuwa mzito. Akamaliza wa nne.

Wa nne kati ya tisa! Nilivimba kichwa, bwana. Niliona nimekushinda. Nikaanza kujisemea kwamba ningefunga ya kwako ingechemka kama ya yule kijana, na nikaenda kumpokea mkono umenyooshwa kama mgeni rasmi.

Alikuwa amevua helmeti, uso mzima vumbi isipokuwa macho. Hakufurahi wala hakununa. Alisema walimpita wawili kwenye tambarare, amevuta mafuta yote, mashine haina zaidi ya kutoa. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayezungumza peke yake, "Kumbe Baba alikuwa anatutambia tu. Pistoni yenyewe haina kitu."

Nilisimama pale na mkono wangu ulionyooshwa.

Tulifunga dude kwenye pikapu, tukaanza kupanda mlima. Nilijaribu kujiambia kwamba huo ni uongo mdogo, kwamba mtoto ni mzima na hilo ndilo kubwa. Lakini njia ya kurudi Mkiwa inapita Manyoni, na Manyoni ndipo ulipolala. Tulipoanza kuziona nyumba za mwanzo nikaona siwezi kupita karibu na wewe huku binti yako pembeni yangu anaamini ulikuwa mtu wa maneno matupu. Nikasimamisha gari kando ya barabara. Malori yanapita, pikapu inatikisika. Nikamwambia.

Nilimwambia yote. Boksi, magunia, mzee wa mashine na neno nililomjibu. Nikamwambia na la barabara ya Itigi, jinsi ilivyokuwa kweli, kwamba mbuzi hakuwepo, kwamba ni injini uliyoibana mwenyewe, na kwamba niliisikia ikigonga kabla. Siri hiyo ilikuwa yetu wawili na sikukuomba ruhusa. Nisamehe. Ningemwambia nusu, angeona nimeidharau pistoni yako bure.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo mimi nimeshindana na uoga wako?"



Akashuka. Nikadhani anakwenda kupanda basi. Akazunguka nyuma, akapanda kule kwenye mzigo, akakaa kwenye bati karibu na dude, mgongo kwangu. Kutoka Manyoni mpaka Mkiwa alikaa hukohuko, juani, na vumbi lote. Kwenye kioo nilikuwa nauona mgongo wake tu. Nimebeba mizigo mingi kwenye pikapu ile, mawe, ng'ombe mgonjwa, jenereta ya msikitini, lakini sijawahi kubeba kizito kama kile.

Wiki tatu hakuja. Nilimtumia salamu kwa bodaboda wa Mungaa, zikarudi hazijafunguliwa. Mama Salma naye akawa ananijibu salamu kwa kichwa. Nikajua ameshaambiwa, mbuzi na kila kitu. Ramadhani, kama unadhani wewe ndiye uliyekufa kwenye hadithi hii, ungekuja uone karakana ilivyokuwa.

Alhamisi moja akaingia. Shikamoo akanipa, maana hata akikasirika ni mtoto uliyemlea, lakini ilikuwa shikamoo ya ofisini. Akafungua daftari. Akasema, "Leta boksi."

Nikalileta. Akaitoa pistoni kwenye kitambaa, akaipima kwa kipimo chako, akaandika. Akanihoji kama daktari wa mifugo anavyomhoji mwenye ng'ombe: inakula nini, ilianza lini, ilitoa sauti gani. Akataka kujua siku ile ya Itigi kulikuwa na joto kiasi gani, mlikuwa mnapanda au mko tambarare, ilianza kugonga ukivuta au ukiachia. Nilimjibu vyote, na mara mbili nilisema sijui, neno ambalo mimi na wewe hatukulitumia sana humu ndani.

Akazisoma tena namba zake. Halafu akauliza kwa nini gasketi, ile karatasi ngumu inayokaa chini ya bloku, tunaifunga nyembamba vile. Nikamwambia ndivyo inavyokuja. Akasema, "Tukichonga kwa ajili ya pistoni ya Baba, halafu chini ya bloku tukaweka gasketi nene, si bloku itanyanyuka kidogo? Si itabana kidogo kuliko alivyotaka yeye, lakini upana wote unabaki?"

Nilikaa kwenye ndoo ya oili. Ilikuwa na oili.

Miaka yote ile, Ramadhani! Wewe ulikuwa wa kubana mpaka mwisho, mimi nilikuwa wa kutobana kabisa, tumezeeka tunabishana, na kati yetu kulikuwa na unene wa gasketi. Nguvu nyingine itapotea, ndiyo, na mnyororo wa ndani, ule wa kamshafti inayofungua valvu, itabidi uangaliwe ukae sawa. Lakini pistoni yako itaingia, na huenda ikaivumilia petroli ya huku kwetu. Huenda. Yeye ndiye aliyesema huenda, na akaniambia kwamba safari hii nisimfichie hata huenda moja. Nikaahidi.

Tulikwenda mjini pamoja. Mzee wa mashine akaifunga bloku, akanigeukia mimi, akauliza saizi gani. Niliuma ulimi. Salma akamsomea kwenye daftari, namba kwa namba. Mzee akanitazama kama anangoja nitikise kichwa. Nikatazama dari. Akawasha mashine, na chuma kikaanza kutoka, chembe chembe, kile kisichorudi. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye soksi.

Jana tumeifunga. Imewaka mara ya pili tu. Sauti yake ni nzito, siyo ile uliyokuwa unaiigiza kwa mdomo, hiyo ilikuwa ya ndege. Leo tunakwenda Mungaa kununua petroli ya chupa, ile mbaya kuliko zote, makusudi kabisa, tulipandishe dude kwenye mwinuko saa saba juani tusikie kama inagonga. Ndivyo alivyopanga yeye. Nilitaka kusema tuanze na petroli ya kituoni. Nikakumbuka ahadi yangu, nikasema, halafu nikamwachia aamue. Akaamua chupa. Amenieleza sababu, na sababu yake ni nzuri kuliko yangu.

Mama Salma amepita hapa asubuhi, ameacha hotipoti ya chakula cha watu wawili juu ya benchi, akaenda zake shambani. Sijui ni msamaha au anataka tu tusife na njaa. Sikuthubutu kuuliza.

Naogopa, ndugu yangu. Lakini safari hii anajua ninachokiogopa, na anajua kwa nini, na bado anavaa helmeti.

Ameshaanza kunipigia honi huko nje, kwa hiyo nakuaga. Lala vizuri, Ramadhani. Ahadi niliyokupa kitandani niliivunja, na hii ya leo una haki ya kuipokea kwa mashaka. Nitasimama kwenye ule mwinuko mahali anaponiona. Nikisikia inagonga, nitamwambia nimesikia. Nisiposikia, nitamwambia sijasikia. Halafu mafuta atavuta mwenyewe.

Ni mimi mwenzako,
Elisha